Sindano za Kichina kwa mama anayekoma hedhi: nafuu yake ni ya kiasi gani?



Mpenzi msomaji, yapo maradhi yanayozungumzwa sebuleni mbele ya wageni, kama vile malaria, sukari na presha. Na yapo mambo ya mwili ambayo mama huyabeba peke yake chumbani, akiona haya kumweleza mumewe na akiona haya zaidi kumweleza binti yake. Moja katika hayo ni tabu za kipindi cha kukoma hedhi. Mama anaamka usiku wa manane amelowa jasho, ilhali wenzake wamejifunika shuka. Usingizi unampaa. Anakuwa mwepesi wa hasira, anasahau alichokwenda kukichukua jikoni, na tendo la ndoa linageuka kuwa maumivu. Mume anadhani amechokwa. Watoto wanadhani mama amekuwa mkali bure. Jirani anasema huyo ana jini.

Siku hizi, hasa mijini, mama huyu anaweza pia kupewa ushauri mwingine: aende kwa madaktari wa Kichina akachomwe sindano, joto lote litamtoka. Je, kauli hii ina ukweli? Ni halali kwa Muislamu kutibiwa kwa njia hiyo? Na je, fedha ya nyumba itakayotumika huko itakuwa imekwenda mahali pake? Hayo ndiyo tutakayoyaangalia katika somo la leo, Insha Allah.

Kukoma hedhi si ugonjwa

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi pale anapotimiza miezi 12 mfululizo bila ya kuona damu, bila ya kuwa mjamzito, ananyonyesha au anatumia dawa inayozuia hedhi. Kwa wanawake wengi duniani jambo hili hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Lakini mwili hauzimi ghafla kama taa. Miaka kadhaa kabla ya hapo, hedhi huanza kuvurugika: mwezi huu inakuja mapema, mwezi ujao inachelewa, mara inakuwa nyingi, mara matone tu.

Mwenyezi Mungu (s.w.) amewataja wanawake waliofikia hali hii ndani ya Qur'ani, katika Suratut Talaq aya ya 4, pale inapoelezwa eda ya mtalaka ambaye hatarajii tena hedhi kuwa ni miezi mitatu. Kwa hiyo hii ni hatua ya umri inayojulikana na yenye hukumu zake. Si laana, si uchawi, wala si dalili kwamba mwanamke amekwisha.

Hata hivyo, kusema kwamba si ugonjwa hakuna maana kwamba haina tabu. Utafiti mkubwa uliowafuatilia wanawake wa Marekani kwa miaka mingi, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa nusu ya wanawake waliokuwa wakipata joto la ghafla mara kwa mara walidumu nalo kwa zaidi ya miaka 7. Mtu hawezi kuambiwa avumilie kimya kimya kwa muda wote huo kana kwamba anavumilia mafua.

Joto hili linatoka wapi?

Ovari za mwanamke hutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Umri unapofika, estrojeni hupanda na kushuka ovyo, na hatimaye hubaki kidogo sana. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayosimamia joto la mwili. Sehemu hii ilizoea kufanya kazi yake pamoja na estrojeni. Inapoikosa, inakuwa kama mlinzi mwoga anayepiga filimbi kila paka anapokatiza. Joto la mwili likipanda kidogo tu, ubongo unadhani mwili unaungua: unafungua mishipa ya damu ya ngozi, moyo unakwenda mbio, uso na kifua vinawaka, na jasho linamwagika. Baada ya dakika chache joto linaondoka, na mara nyingine mama anabaki anatetemeka kwa baridi.

Upungufu huo huo wa estrojeni ndio unaoleta ukavu ukeni, unaochangia kukosa usingizi, na unaofanya mifupa ianze kupoteza uimara wake kwa kasi. Jambo hili la mifupa tulishike, kwa sababu tutalirudia.

Sindano za Kichina ni tiba gani?

Tiba hii, inayojulikana pia kwa jina la akupancha, ina umri wa zaidi ya miaka 2,000 huko China. Mtabibu huchoma sindano nyembamba sana, nyembamba mno kuliko ile ya kudungia dawa hospitalini, katika sehemu maalumu za mwili. Sindano hizo hazina dawa ndani yake. Mama hulala, huchomwa sindano kadhaa, na huachwa nazo kwa muda wa dakika 20 hadi 30. Maumivu ni kidogo. Wengi husikia uzito au ganzi ndogo mahali ilipoingia.

Kwa tabu za kukoma hedhi, sehemu zinazochomwa mara nyingi ni vifundo vya mikono, miguu, chini ya kitovu na mgongoni. Ipo sehemu moja mashuhuri iliyo upande wa ndani wa mguu, upana wa vidole vinne juu ya kifundo.

Tiba hii si ngeni kabisa kwetu. Timu ya kwanza ya madaktari kutoka China ilifika Zanzibar mwaka 1964, na kwa Tanzania Bara ikafika mwaka 1968. Kuanzia miaka ya 1990 zikaongezeka zahanati binafsi za Kichina mijini, na ndiko wengi walikozisikia sindano hizi.

Wapo wanaoichanganya tiba hii na hijama, yaani kupiga chuku. Hizi ni tiba mbili tofauti. Katika hijama ngozi hukwanguliwa na damu hutolewa kwa chuku. Katika sindano za Kichina damu haikusudiwi kutoka. Vile vile hijama ina hadithi zake zinazojulikana, ambapo sindano za Kichina zinaingia katika mlango mpana wa ruhusa ya kutafuta dawa. Asije mtu akamuuzia mama sindano kwa jina la Sunna.

Tafiti zinasema nini?

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu, kwa hiyo tuende taratibu.

Huko Norway wanawake 267 wenye joto kali waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa vikao 10 vya sindano pamoja na maelekezo ya kujitunza, na kundi la pili lilipewa maelekezo peke yake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Baada ya wiki 12, waliochomwa sindano walipungukiwa na joto kwa wastani wa mara 5.8 kwa siku, na wasiochomwa walipungukiwa kwa mara 3.7. Tofauti ipo. Lakini walipoangaliwa tena baada ya miezi 6 na baada ya mwaka mmoja, tofauti ile haikuonekana tena, kwani wale wengine nao walikuwa wamepata nafuu.

Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa jimbo la North Carolina, Marekani, uliohusisha wanawake 209. Waliochomwa sindano walipungukiwa na joto kwa zaidi ya theluthi moja katika miezi 6, wakati waliokuwa wakisubiri zamu yao hawakupata nafuu. Na nafuu ile ilidumu kwa miezi 6 mingine baada ya sindano kusimamishwa. Ukiishia hapa utasema: basi tiba hii inafanya kazi, twendeni.

Lakini mwaka huo huo wa 2016 yakatoka matokeo mengine kutoka Australia. Watafiti waliwachukua wanawake 327 waliokuwa wakipandwa na joto angalau mara 7 kwa siku. Nusu walichomwa sindano za kweli. Nusu ya pili walifanyiwa za bandia, yaani sindano butu inayogusa ngozi bila ya kuingia ndani. Wote walifanyiwa vikao 10 katika wiki 8. Matokeo yake ni kwamba makundi yote mawili yalipata nafuu ya kiasi cha asilimia 40. Sindano ya kweli haikuishinda ya bandia.

Na kabla ya hapo, mwaka 2013, jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzipima, lilipitia tafiti 16 zenye wanawake 1,155. Hukumu yake ilikuwa ya namna hiyo hiyo: kuchomwa sindano ni afadhali kuliko kukaa bila ya tiba yoyote, hakuna ushahidi kwamba sindano za kweli zinazishinda za bandia, na dawa za homoni zinapunguza joto zaidi kuliko sindano. Kwa sababu hizi, jumuiya ya wataalamu wa kukoma hedhi ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, haikuiweka akupancha miongoni mwa tiba inazozipendekeza kwa joto hili.

Nafuu ya sindano bandia inatoka wapi?

Msomaji makini atauliza: iweje sindano isiyoingia mwilini ipunguze joto kwa asilimia 40? Je, wanawake wale walikuwa wakijifanya?

La hasha. Nafuu waliyoipata ni ya kweli, ila haitokani na mahali ilipoingia sindano. Sehemu yake inatokana na wakati, kwa kuwa joto hili kwa wengi hupungua lenyewe kadiri siku zinavyopita. Sehemu nyingine inatokana na matarajio, kwani moyo ukitulia, mlinzi yule mwoga wa ubongoni naye hutulia. Hata katika majaribio ya dawa za homoni, wanawake waliopewa vidonge visivyo na dawa walipungukiwa na joto kwa zaidi ya nusu.

Na ipo sababu nyingine ambayo haifai kudharauliwa. Kila mama anayekwenda kwenye sindano hupata mtu anayemuuliza: unalalaje, unakula nini, unaumwa wapi? Kisha analazwa mahali palipotulia kwa nusu saa, bila ya mtu kumwita, bila ya sufuria kuungua, bila ya mjukuu kulia. Kwa mama ambaye tangu alfajiri mpaka usiku hajakaa chini, hiyo peke yake ni tiba. Na hiyo, ndugu zangu, ni tiba ambayo nyumba inaweza kuitoa bure.

Upande wa sharia

Yapo mambo matatu ambayo Waislamu huyauliza kuhusu tiba hii.

La kwanza ni itikadi. Wachina wa kale waliielezea tiba yao kwa kusema kuwa iko nguvu iitwayo chi inayopita katika njia maalumu za mwili. Madaktari waliopasua na kuchunguza mwili hawajaziona njia hizo. Muislamu halazimiki kuamini maelezo hayo ili achomwe sindano. Anaichukua kama sababu miongoni mwa sababu, akijua kwamba mponyaji ni Mwenyezi Mungu (s.w.). Akitakiwa kufanya ibada, kuvaa hirizi au kutaja majina asiyoyajua, hapo aondoke.

La pili ni sitara. Tiba hii inaweza kuhitaji tumbo, mgongo na miguu ifunuliwe. Mama atafute kwanza mtabibu wa kike. Asipopatikana, na haja ipo, asiingie peke yake, bali awe na mumewe, maharimu wake au mwanamke mwenzake muaminifu, na afunue sehemu inayohitajika tu. Mtabibu anaweza kuombwa atumie vifundo vya mikono na miguu peke yake. Kwa kuwa tumeona kwamba mahali pa kuchomwa si jambo lililothibiti kuleta tofauti, hakuna sababu ya mama kulazimishwa kujifunua zaidi ya haja.

La tatu ni funga. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa sindano za tiba za ngozi, msuli au mshipa hazifunguzi, isipokuwa zile za kulisha mwili. Sindano ya Kichina haiingizi kitu chochote. Pamoja na hayo, kwa mtu anayefunga na mwenye mwili dhaifu ni bora kuchomwa baada ya kufuturu, kwa kuwa baadhi ya watu hupata kizunguzungu.

Usalama wa sindano

Katika mikono ya aliyesomea, tiba hii ina madhara machache. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 2001, juu ya vikao zaidi ya 34,000, haukukuta hata dhara moja kubwa. Yaliyoonekana ni kizunguzungu, maumivu na michubuko.

Lakini maneno hayo ni kwa sindano safi. Sindano iliyotumiwa kwa mtu mwingine inaweza kuhamisha homa ya ini aina ya B na C, na virusi vya Ukimwi. Kwa hiyo mama ayazingatie haya:

1. Sindano zitolewe mbele yake kutoka katika pakiti iliyofungwa, na zikitumika zitupwe katika boksi maalumu. Asikubali sindano iliyochemshwa wala iliyopanguswa kwa spiriti.

2. Mtabibu awe amesajiliwa. Nchini Tanzania ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili watoaji wa tiba hizo na vituo vyao. Cheti kitundikwe ukutani, na kuuliza si utovu wa adabu.

3. Aseme mapema ikiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, ana maradhi ya damu kutokata, ana kisukari chenye vidonda au ganzi miguuni, au amewekewa mashine ya moyo, kwani baadhi ya watabibu huziunganisha sindano na umeme.

4. Mama aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi na kuondolewa tezi za kwapa, aulize daktari wake kwanza, na asichomwe katika mkono wa upande huo.

5. Sindano ni jambo moja na dawa za unga ni jambo jingine. Akipewa pakiti ya vidonge au unga usio na jina wala maelezo, asiutumie. Ni hatari zaidi ikiwa tayari anameza dawa za presha au sukari.

Dalili ambazo si za kupelekwa kwenye sindano

Hili ndilo linalotufanya tuandike somo hili kwa msisitizo. Hasara kubwa ya tiba isiyo na nguvu si fedha tu, ni muda. Mama anaweza kuhudhuria sindano miezi mitatu huku ugonjwa mwingine unakua ndani yake kwa jina la kukoma hedhi.

Jasho la usiku likiandamana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni au kukonda, hiyo inaweza kuwa kifua kikuu, na apimwe makohozi. Joto na moyo kwenda mbio pamoja na kukonda, mikono kutetemeka au uvimbe wa shingo, inaweza kuwa ni tezi ya shingo. Kupitiliza hedhi katika umri wa miaka 44 inaweza kuwa ni mimba, kwa hiyo kipimo cha mimba kitangulie. Wanandoa wasidhani kuwa kuvurugika kwa hedhi ni kinga. Wataalamu hushauri uzazi wa mpango uendelee mpaka mwaka mmoja tangu hedhi ya mwisho kwa aliyevuka miaka 50, na miaka miwili kwa aliye chini ya hapo.

Kubwa kuliko yote ni damu. Mwanamke aliyekwisha timiza miezi 12 bila ya hedhi, kisha akaona damu, hata tone moja, aende hospitali wiki hiyo hiyo. Mara nyingi sababu huwa si saratani. Lakini saratani ya mfuko wa uzazi na ile ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, huanza kujionyesha kwa damu ya namna hiyo, na zikiwahiwa zinatibika.

Damu hii ina upande wake wa ibada pia. Wapo akina mama wanaoacha swala mwezi mzima kwa damu isiyo ya hedhi, na wapo wanaoswali huku hedhi yao ipo. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, hedhi haizidi siku 15. Damu ikivuka hapo, mwanamke huyo anaingia katika hukumu za istihadha: anaoga, anajisafisha na kujifunga vizuri, anatia udhu kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati kuingia, na anaswali. Kwa kuwa hesabu zake zinatofautiana kulingana na ada ya kila mwanamke, aziandike tarehe zake na amuulize mwanachuoni. Kwa ufupi, swali la swala lipeleke kwa sheikh, na swali la damu lipeleke hospitali. Moja lisichukue nafasi ya jingine.

Tiba za hospitali

Ni haki ya mama kujua kuwa ipo tiba yenye nguvu zaidi. Dawa za homoni hupunguza idadi ya joto kwa kiasi cha asilimia 75 zikilinganishwa na kidonge kisicho na dawa, na huilinda mifupa. Wengi waliziogopa tangu mwaka 2002, pale utafiti mkubwa wa Marekani ulipoonyesha kuwa kati ya wanawake 10,000 wanaotumia aina moja ya dawa hizo kwa mwaka, waliongezeka 8 waliopata saratani ya titi, na 8 waliopata kiharusi. Lakini wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Leo wataalamu wanasema kwamba kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajatimiza miaka 10 tangu kukoma hedhi, na asiye na vizuizi, faida kwa kawaida huzidi madhara.

Vizuizi ni kama kuwa na saratani ya titi, kiharusi, damu kuganda mishipani, au ugonjwa mkali wa ini. Kwa wanawake hawa zipo dawa zisizo na homoni, ikiwemo fezolinetanti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ambayo inahitaji vipimo vya ini. Ni kwa wanawake hawa pia kwamba sindano za Kichina zinaweza kupata nafasi kama msaidizi. Huko Italia, utafiti wa wanawake 190 waliokuwa na saratani ya titi, uliotangazwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa waliochanganya sindano na maelekezo ya kujitunza walipata nafuu zaidi ya waliopewa maelekezo peke yake.

Tukumbuke kuwa hakuna ushahidi kwamba sindano zinarudisha estrojeni ya ujana au kuzuia mifupa isidhoofu. Mama mwenye sindano na asiye na sindano wote wanahitaji maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mboga za majani, kutembea kila siku, na jua. Anayejisitiri vizuri barabarani atafute jua uani kwake, pale asipoonekana na ajinabi, akiwa amefunua mikono na miguu.

Namna ya kujipima

Ikiwa mama na mumewe wameamua kujaribu sindano, wasiende kama wanaotupa shilingi kisimani. Wafuate utaratibu huu.

Kabla ya kuanza, mama achukue daftari na kwa wiki moja aandike kila joto linalompanda: mchana mara ngapi, usiku mara ngapi, na mangapi yamemwamsha. Kisha wapange vikao 8 hadi 10 na wasilipie zaidi kwa mkupuo. Katika ule utafiti wa North Carolina, wengi walifikia kilele cha nafuu yao baada ya vikao kama 8. Vikao vikiisha, aandike tena kwa wiki moja na kulinganisha.

Asishangae matokeo yakitofautiana na ya shoga yake. Katika utafiti huo huo, kiasi cha wanawake 12 katika kila 100 walipungukiwa sana, karibu nusu walipungukiwa na kiasi cha nusu ya joto lao, na zaidi ya theluthi moja hawakupata nafuu ya maana. Daftari likionyesha nafuu, Alhamdulillah. Likionyesha hakuna, wasimame hapo. Mtabibu atakayesema ongeza vikao 20 mingine ndipo utaona, ajibiwe kwa adabu na daftari.

Wajibu wa nyumba

Tumalizie kwa mume na watoto. Joto hili haliletwi na hasira, wala ukavu hauletwi na kukosa mapenzi. Mume akijua hilo, maneno mengi ya usiku yatakwisha kabla ya kuanza. Amuulize mkewe hali yake kama anavyoulizwa zahanati. Asimlazimishe katika maumivu, bali waende pamoja kuuliza, kwani vilainishi na krimu za estrojeni za mahali hapo zipo. Shuka nyepesi ya pamba, feni au dirisha lililo wazi, kanga kavu na maji ya kunywa pembeni ya kitanda si gharama kubwa. Na kila siku, mabinti na watoto wa kiume wampe mama yao nusu saa: mlango ufungwe, kazi zishikwe na wengine, na asiitwe.

Tumeona kuwa sehemu ya nafuu ya sindano hutokana na kusikilizwa na kupumzishwa. Haifai mama akanunue hayo mjini ilhali nyumbani kwake amejaa watu.

Wabillahi tawfiq.